Kiapo cha Majaribio

Kwetu Kenya mlinzi wa geti huitwa soja, na baba yangu alilichukia neno hilo kuliko alivyochukia pombe. Sajenti Herbert Shivachi, miaka ishirini na miwili jeshini. "Mwanajeshi ni mwanajeshi," alikuwa akisema. "Soja ni wa kufungulia watu geti." Mimi, mwanawe wa kwanza, nilienda kujiandikisha jeshini mara tatu pale Malava, na mara zote tatu daktari alitazama nyayo zangu, akaona ni bapa, akaniambia nivae nguo nirudi nyumbani. Mara ya tatu Baba alikuwa amesimama nje ya uzio. Hakunigombeza. Alitangulia njia, nikamfuata, na mpaka tunafika nyumbani hakunisemesha. Afadhali angenichapa.

Nilipopata kazi Doha nilimwambia ni kazi ya usalama. Hilo ni neno pana, mtu anaweza kujificha ndani yake miaka sita. Hakuuliza ni usalama wa nani, nami sikueleza. Ukweli ni kwamba nalinda mlango wa ukumbi wa mikutano katika hoteli moja ya West Bay. Naufungua, naufunga, nasema karibu.

Mwaka huu tulipata wageni wa ajabu. Nchi moja kubwa, siitaji kwa sababu kazi yangu bado naihitaji, ilikuwa imeunda jeshi jipya. La nchi kavu wanalo, la majini wanalo, la wanahewa wanalo. Sasa wamejiundia la anga za juu, huko kwenye satelaiti. Wanajeshi wao walioko huku Ghuba walikuwa watolewe kwenye wanahewa na kuapishwa upya katika ukumbi wangu. Nilimuuliza Ronny, mwenzangu wa zamu kutoka Nakuru, adui wa huko juu ni nani. Alicheka. "Buda, hao wasee wakikosa wa kupiga huku chini, wanapanda juu kumtafuta."

Siku ya mazoezi wanajeshi wenyewe hawakuwepo. Fundi wa taa alitaka watu wa kusimama pale watakaposimama wao, apime mwanga na vipaza sauti, akatuita sisi walinzi. Niliwekwa mstari wa mbele, nyuma yangu bendera mpya nyeusi yenye nyota. Nikavishwa kofia yao, nikaambiwa ninyanyue mkono wa kulia na kusoma kiapo kwenye skrini. Mahali pa jina paliachwa wazi. Wenzangu walitia majina ya mizaha. Mimi nilisema, "Levis Shivachi," nikasoma hadi mwisho kwa sauti niliyokuwa nimeitunza tangu ile mara ya tatu Malava. Sikuwa natania hata kidogo, na naona aibu kusema hivyo.

Ronny alinirekodi, akaiweka video kwenye status ya WhatsApp. Dada yangu Milcah aliiona, akamwonyesha Baba.

Baba alikuwa anakufa. Mapafu yalikuwa yamechoka. Hospitali ilimrudisha nyumbani na mashine ya hewa, ikamwambia Milcah ahesabu wiki, si miezi. Nilikuwa tayari nimeomba likizo ya dharura. Kitu nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, kumkuta akiwa hai.

Kesho yake alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nije huku. Nilisikia pumzi zake kabla ya sauti.

"Nimeona," alisema. "Umeapa?"

"Nimeapa, Baba."

"Jeshi gani hilo?"

"La anga za juu."

"Huko hakuna mtu anaangalia nyayo," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Maisha yangu yote sikuwahi kumchekesha baba yangu. Ningewezaje kumnyang'anya kicheko kile?

"Una lingine la kuniambia?" aliuliza.

"Hapana, Baba."

Siku mbili baadaye likizo ilikubaliwa, siku kumi kuanzia Jumatano hiyo, karatasi ina mhuri na kila kitu. Nilimpigia nikiwa na furaha ya kijinga.

"Baba, nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Nyumbani. Kukuona."

"Si umeapa juzi? Mwanajeshi haachi lindo juu ya mzee mgonjwa. Mamangu alizikwa nikiwa lindo, nikapata barua. Usikuje. Hiyo ni amri." Akavuta pumzi. "Ama kuna kitu sijui?"

Sentensi moja tu ingenifikisha nyumbani. Baba, mimi ni wa kufungua mlango, hakuna jeshi linalonihitaji. Ilikuwa mdomoni. Nikaimeza. Nilikunja ile karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa shati la kazi, nikajiambia nitamwambia wiki ijayo, akipata nafuu. Nafuu gani, mjinga mimi.

Ijumaa, baada ya ibada ya kanisani kule Abu Hamour, nilimpigia nikiwa nje kwenye maegesho. Milcah alimshikia simu. Sauti ilikuwa imekwisha. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza kama wakubwa wangu ni watu wazuri. Halafu akarudi kwenye swali lake.

"Levis, una lingine?"

"Hakuna, Baba. Pumzika."

Mashine ya hewa ikapuliza.

"Haya, soja," alisema. "Linda vizuri."

Nilidhani ugonjwa umeanza kumchanganya. Nilipanda basi la kampuni kurudi tunakolala, Umm Salal, na kabla hatujafika nilikuwa nimeshalisahau neno hilo.

Sherehe ya kiapo iliahirishwa mara mbili kumsubiri jenerali wao, mwishowe ikafanyika Alhamisi iliyofuata. Wageni walikuwa wameshaingia, mlango umefungwa, nimesimama nje yake, Milcah alipopiga. Kupokea simu lindoni ni kosa. Nilipokea.

"Baba ametuacha asubuhi hii," alisema. Tulilia pamoja, yeye kwa sauti, mimi bila. Kisha akaniuliza, "Levi, mbona hukumwambia?"

"Nini?"

"Kwamba wewe ni soja. Alijua. Siku ya video alifanya nisimamishe picha, nimsomee maandishi ya kwa bega yako. Nikasoma jina la kampuni ya walinzi. Akasema, huyu wamemvalisha kofia tu."

"Sasa mbona alinikataza kuja?"

"Alisema umezoea kujificha. Alisema akikubana, utasema ukweli ndio uje. Kila ukipiga alikuwa ananiambia nisogeze simu karibu, leo atasema. Kitanda chako tulikuwa tumetandika tangu siku ile ulisema unakuja." Akapenga kamasi. "Hiyo amri alitaka uivunje, Levi."

Ndani walikuwa wanaapa, wale wenyewe sasa, maneno yale yale. Niligusa mfuko wa shati. Karatasi ya likizo ilikuwa imebakiza siku mbili, zisizotosha hata kumzika. Niliogopa kumvunja moyo mtu aliyekuwa ananingoja. Yeye ndiye aliyelisema lile neno, alilolichukia maisha yake yote, ili mimi nisione haya kulisema. Alinirahisishia hadi hapo, na bado nikamwambia apumzike.

Makofi yalipigwa. Redio ya begani ikaniamuru nifungue. Nikaushika mpini kwa mikono yote miwili, nikavuta.

"Baba," nikasema kwa sauti, "mimi ni soja. Nafungua mlango."

Mwanajeshi wa kwanza kutoka, kijana mwenye kofia kama ile niliyovishwa, alidhani nimempongeza kwa lugha yetu. Akanishukuru, akapita.