Pua Ndani ya Glasi

Mapovu alitumbukiza pua ndani ya glasi kwa mara ya tatu, akavuta pumzi hadi mbavu zikamuuma, akakutana na kitu kilekile: sabuni.

"Haya, tuambie," alisema mwalimu wa mvinyo, mzee mfupi wa mviringo ambaye mgahawa mzima ulimwita Kizibo. "Unanusa nini?"

Wenzake walikwisha kujibu. Dada wa mapokezi alisema beri nyeusi. Kaka wa baa, asiyependa kupitwa, akasema beri nyeusi na moshi. Kizibo aliwatikisia kichwa kwa kuridhika. Mapovu hakuwahi kuiona beri nyeusi hata kwenye picha, na alishuku kwamba hakuwa peke yake.

"Sabuni," alisema.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Ya mche au ya unga?" aliuliza kaka wa baa.

Kizibo hakucheka. "Binti, kesho nachagua mtu mmoja wa kuhudumia meza. Mmoja tu. Usinichezee."

Angewezaje kucheza? Tangu amalize darasa la saba alikuwa mtu wa sinki, maji yakimla ngozi katikati ya vidole, na ukumbi huu aliujua kwa vyombo vichafu vilivyotoka humo. Somo lote alikuwa amelishika: kwamba chupa nyingi za Wafaransa hutaja mahali kabla ya zabibu, hivyo anayeagiza Bordo, jina la eneo, ameagiza udongo wa watu; kwamba ule ukakasi unaokunja ulimi kama ndizi mbichi si kasoro, bali hutoka kwenye maganda na mbegu. Kichwa kilikuwa kimejaa. Pua ndiyo iliyomsaliti.

"Labda glasi hazikusuuzwa vizuri," alisema dada wa mapokezi, kwa huruma iliyouma kuliko kicheko.

"Nimezisuuza mwenyewe, dada. Tena mara mbili."

Kizibo alikwenda kufungua chupa nyingine. Mapovu alibaki akiitazama glasi yake kama mtu anayemngoja mwongo ajikanyage. Aliinyanyua: sabuni. Akaiweka mezani: sabuni ikafifia. Akainyanyua tena, ikarudi. Taratibu, bila kutaka kuonekana, akanusa kiganja chake.

Hapo ndipo alipotamani kulia. Muda wote ule alikuwa akijinusa mwenyewe.

Alirudisha mikono mgongoni, akainama hadi pua ikaingia kwenye glasi iliyosimama mezani.

"Jamani, mbuzi kafika kwenye ndoo!" kaka wa baa alipiga kofi la paja.

Mapovu hakumsikia. Kitu kilikuwa kinamjia polepole, kama mgeni asiye na hakika na nyumba aliyoelekezwa. Kwanza utamu mzito, kisha nyuma yake kitu kikavu, cha mbao, alichokijua kabisa.

"Penseli," alisema, bado ameinama. "Penseli iliyotoka kuchongwa. Na tunda lililoiva likapitiliza."

Kizibo alikuja, akaichukua ile glasi, akanusa kwa macho yaliyofumbwa.

"Ipo," alisema. Akairudisha. "Sasa ishike mkononi uniambie tena."

Aliishika. "Imeondoka, mwalimu."

"Mgeni hapaswi kukuona umeiinamia meza yake hivyo."

"Najua."

"Hiyo sabuni itakutoka lini?"

"Nikitoka kwenye sinki."

"Na kwenye sinki utatoka..." Kizibo hakumalizia. Alijifuta paji la uso, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana mtu aliyechoka, si mwalimu. Hata kaka wa baa alitazama viatu vyake.

Mlango wa jiko ulifunguliwa kwa kishindo. "Mapovu! Vyombo vimefika dirishani huku, mwanangu, au unangoja nivioshe mimi?" Alikuwa mama mpishi.

"Nakuja, mama."

Mlango ukajifunga. Kizibo alimimina kidogo kutoka kwenye ile chupa mpya, akaisukuma glasi juu ya meza kwa kidole kimoja mpaka ikasimama mbele ya Mapovu.

"Nakuja," Mapovu alirudia, kwa sauti ambayo jikoni isingeweza kuisikia, akafumbata mikono mgongoni na kuinama.