Spika Zisizo na Sanduku

Vagn Krogsgaard na mdogo wake Ebbe walitengeneza spika katika karakana waliyoachiwa na baba yao katika mji mdogo wa Lemvig. Za kwao hazikuwa na sanduku. Kila moja ilikuwa ubao mpana wa mwaloni uliosimama wima, koni za kutoa sauti zimefungwa humo, mgongo wazi. Vagn aliamini sanduku huibana sauti. Ebbe naye aliamini hivyo, ila wateja hawakuja.

Wakazipeleka kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki katika jiji la Aarhus. Ragnhild Toft, mwenye duka Copenhagen, akapendekeza zifichwe nyuma ya pazia pamoja na za kampuni nyingine, watu wasikilize bila kujua zipi ni zipi. Ukapigwa muziki wa selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na karibu wote wakachagua za ndugu hao. Mzee mmoja alifuta machozi. Vagn akamshika Ebbe mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wamzike baba yao.

Kisha pazia likafunguliwa.

Mmoja akauliza kama kazi ya kuzitengeneza imekwisha. Mwingine akasema zinafanana na mlango uliong'olewa, watu wakacheka. Yule mzee akaeleza kwa upole kwamba mkewe hatakubali mbao kama zile zikae katikati ya sebule, maana zilitaka kuwa mbali na ukuta. Akaenda kununua zile nyingine.

Walipokuwa wakifungasha, Ragnhild aliwaambia angeagiza nyingi kama zingekuwa na sanduku.

"Tutaweka," Ebbe akasema.

"Si umewasikia mwenyewe?" Vagn akasema. "Wamezichagua."

"Wamezichagua walipokuwa hawazioni, kaka. Nyumbani wataziona kila siku."

"Basi usiweke jina langu."

"Jina ni la baba. Kama hutaki, toka wewe."

Vagn akatoka. Alipata kazi kiwanda cha samaki, kati ya mashine zilizonguruma kutwa, na kuziba masikio hakukusaidia sana. Spika za Ebbe zikauzwa hadi Ujerumani. Hawakusemezana kwa miaka mingi.

Siku moja ya baridi Ebbe akaja kwake na jozi mpya, za sanduku. Alisema amehangaika nazo mpaka amezifikisha karibu na zile za zamani, na hakuna mwingine anayeweza kumwambia ukweli. Akaweka ule muziki wa selo. Vagn alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Sema tu, kaka. Ni mbaya?"

"Sijui," Vagn akasema. "Kwa masikio haya, siku hizi siwezi kutofautisha spika nzuri na mbaya."

Ebbe akazima muziki. Vagn akainuka kwenda kuchemsha kahawa.