Masizi ya Mguu wa Nne

Mzee Maulid alikuwa ameuosha mguu wa roketi. Na si kuupangusa vumbi tu, hapana. Aliuosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, akausugua kwa stilwaya, akaumalizia kwa ile dawa ya kung'arishia mabomba. Sasa ulikuwa umelala juu ya meza ya karakana, huko Tyseley, Birmingham, unang'aa hata ungeweza kujitazamia meno. Yeye mwenyewe kasimama kando, kitambaa begani, anangoja kusifiwa.

Binti yake, Maisara, aliingia saa mbili asubuhi na mkoba wa kompyuta, akauona, na salamu ya baba yake ikampita bila kuitikiwa.

"Baba. Umefanya nini?"

"Si mgeni anakuja leo? Huu mguu ulikuwa mchafu, mwanangu, masizi matupu, kama sufuria la shughuli. Nipo hapa tangu alfajiri. Hata mle ndani ya kiungo nimetia mswaki. Ulitoka mweusi tii!"

Maisara aliketi juu ya kasha tupu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Tuelewane kwanza hapa, maana hasira zake zilikuwa na haki. Maisara alikuwa mhandisi wa karakana ile ndogo ya Narendra, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Kwa muda wa miaka miwili walikuwa wakiitengenezea miguu kampuni moja changa ya roketi, yenye kiwanja cha majaribio huko pwani ya kaskazini mwa Uskoti. Roketi tulizozizoea hurushwa mara moja tu, zikaishia baharini. Hawa walitaka ya kwao ipande, irudi, isimame kwa miguu yake minne, itiwe mafuta na kupanda tena. Watu waliwacheka, lakini kazi ilikuwa inakwenda. Jaribio la kwanza roketi ilipanda kimo cha nyumba ya ghorofa moja, ikashuka polepole na kusimama. La pili ilipita kimo cha jengo lolote la katikati ya Birmingham, ikaning'inia angani, ikashuka, ikasimama tena, na siku hiyo Narendra aliwanunulia watu wote chakula cha mchana, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu afungue karakana.

Jaribio la tatu, mwezi uliopita, ndilo lililoharibu mambo. Roketi ilitua vizuri, ikasimama. Vijana wa kiwanjani wakaanza kuiendea na minyororo ya kuifunga, kama kawaida yao. Ndipo mguu wa nne ulipokunjika, na roketi nzima ikalala ubavu hatua chache mbele yao. Aliyeumia hakuna, na aliyejua sababu pia hakuna. Mguu ule ukatiwa kwenye kasha ukaletwa Birmingham, ili mhandisi mkuu wa kiwanjani aje ausome pamoja na Maisara.

Kilichokuwa cha kusomwa ni masizi. Ndani ya kiungo kukiwa na masizi, maana yake kufuli ya mguu iliachia, ukafunguka mapema mno, moto wa injini ukauramba na kuudhoofisha. Hapo kosa ni la karakana. Kukiwa safi, mguu ulifunguka kwa wakati wake, na kosa ni la kompyuta ya roketi, iliyouelemeza uzito mguu mmoja. Ushahidi mwingine hawakuwa nao. Na kule Uskoti roketi mpya ilikwisha kusimamishwa, imefungwa miguu minne kama hii hii, inangoja kurushwa wiki inayofuata.

Ushahidi huo ndio Mzee Maulid alioupigia mswaki.

"Baba, mimi jana niliacha kasha limefungwa! Limefungwa! Nani kakwambia ulifungue?"

"Bwana Narendra kaniambia kesho mgeni, pawe pasafi. Sasa mgeni atafunguliwa kasha atolewe kitu kina masizi? Ungekuwa wewe ungefurahi?"

Huyo ndiye baba yake. Kwao Mwembetanga mgeni akisikika tu kuwa yuko njiani, nyumba huoshwa mpaka kuta, na Mzee Maulid alihama Unguja na tabia hiyo mzima mzima. Nyumbani Aston, jirani na uwanja wa mpira wa Villa, aliosha mapipa ya taka ya majirani ambao hata hawamjui jina. Aliwahi kuifuta kompyuta ya Maisara kwa kitambaa cha maji, akasema ilikuwa na mafuta. Mkewe alipofariki alikaa nyumbani akisafisha jiko lile lile kutwa, hadi Maisara akamwombea kazi kwa Narendra: kufungua mlango asubuhi, kufagia, kufunga mizigo. Tangu hapo akawa mtu tena, anavaa shati la kola, anaondoka nyumbani akipiga mluzi. Lakini alikuwa akimchosha roho binti yake, acha tuseme ukweli. Alimchosha roho hasa!

Narendra alipofika, alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akautazama mguu, akamtazama mzee.

"Mzee, nilisema place iwe safi. Place! Mimi nilisema mguu? Haki ya Mungu, watu hawa wataniua." Akamvuta Maisara kando. "Listen. Hii kazi ikienda, siwezi kumweka baba yako hapa. Sitaweza, Maisara. Unajua nampenda, but sitaweza."

"Uncle, wewe ndiye uliyemwambia asafishe."

"Najua nilimwambia! Sasa tufanye nini, tulie?" Macho yake yakarudi kwenye mguu unaong'aa, na Maisara akaliona wazo likimwingia. "Lakini ngoja. Ndani kukiwa safi, kosa si letu. Si ndiyo?"

"Kumeoshwa, Uncle. Mswaki ulitoka mweusi."

"Sasa hiyo nani alisikia? Wewe, mimi na mzee. Wewe nyamaza tu. Kunyamaza si kudanganya."

Maisara alifungua kinywa, kisha akamwona baba yake upande wa pili wa karakana akiinamia meza, akifuta alama ya kidole iliyobaki juu ya mguu. Akafunga kinywa. Alikuwa na hasira na Narendra, na mswaki, na Unguja nzima, na zaidi alikuwa na hasira na nafsi yake, kwa kuwa lile wazo lilimpa nafuu.

Mgeni aliwasili saa nne kwa teksi kutoka stesheni. Alikuwa mama wa Kiskoti, mwembamba, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Alipouona mguu alikunja uso.

"Mbona unang'aa hivi?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Tulipangusa nje tu, kwa ajili ya kuushika," alisema Narendra haraka. "Ndani ya kiungo hatujagusa."

"Mngeniuliza kwanza," alisema yule mama, si kwa ukali, kwa uchovu tu. Akatoa kurunzi ndogo, akainama, akamulika ndani ya kiungo. Alikaa hivyo kitambo. Maisara alikuwa akisikia mashine ya jirani ikikata chuma, akatamani isinyamaze.

Yule mama akainuka. "Safi. Safi kabisa." Akashusha pumzi na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Basi ni kompyuta yetu. Kusema kweli nimefarijika, maana kubadili miguu sasa kungetupotezea miezi. Wiki ijayo tunaruka na hii hii."

Narendra alimkanyaga Maisara mguu chini ya meza, kidogo, kwa furaha.

Wakati huo huo Mzee Maulid akaingia na sinia. Alikuwa ameandaa chai ya maziwa yenye iliki, na vileja alivyovioka mwenyewe usiku uliopita, amevipanga kwenye sahani ya maua ya marehemu mkewe. Akaliona tabasamu la mgeni. Uso wake wote ukafunguka.

"Kaupenda, eh?" alimuuliza Maisara kwa Kiswahili. "Mwambie ni mimi niliyeusafisha. Mwambie baba yako."

"Mzee Maulid, weka chai, nenda," alisema Narendra kwa Kiswahili, meno nje kwa ajili ya mgeni.

"Naweka. Lakini mwambie, Maisara."

Yule mama aliwatazama wote watatu, akicheka kwa adabu kama wafanyavyo watu wasiojua lugha. "Anasemaje?"

Hapo ndipo Maisara alipoona hana pa kukimbilia. Ilikuwa rahisi mno: anasema karibu chai. Maneno mawili, na baba yake kesho angeamka, angevaa shati la kola, angepiga mluzi. Lakini aliwaona pia wale vijana na minyororo yao, wakiiendea roketi iliyosimama kwa miguu aliyoichora yeye kwa mkono wake. Safari hii huenda wangekuwa wamekaribia zaidi. Alitamani kupiga kelele. Kwa nini mzee huyu hakuweza, asubuhi moja tu katika maisha yake, kuacha kitu kichafu?

"Anasema ni yeye aliyeusafisha," alisema kwa Kiingereza. "Na kweli ni yeye. Nje na ndani. Ndani ya kiungo alitumia mswaki, na ulitoka mweusi. Mguu wetu ulifunguka mapema. Usirushe wiki ijayo."

Narendra alisema neno moja la Kigujarati na kugeukia dirisha.

Tabasamu la yule mama lilikwisha. Alimgeukia Mzee Maulid, akasema polepole, neno kwa neno: "Weusi ulikuwa wapi? Juu? Chini? Upande gani ulikuwa mzito?"

Mzee alifikiri kweli kweli, paji limekunjamana, maana alitaka kusaidia. "Kila mahali, madam," alisema kwa Kiingereza chake. "Sikutazama. Nilikuwa nasugua."

Yule mama alifumba macho. Kisha akatoka nje na simu, wakamwona kupitia kioo akizunguka katikati ya magari, mkono mmoja ukikata hewa.

"Nimeharibu?" aliuliza Mzee Maulid.

Tangu asubuhi Maisara alikuwa amejaa maneno ya kumwambia, mengine ya miaka. Sasa alimtolea machache tu.

"Ndiyo, Baba. Umeharibu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Yule mama aliporudi kuchukua mkoba wake, mzee alimsogelea, akasimama wima, mikono kaishusha ubavuni.

"Samahani, madam," alisema. "Nilijua anakuja mgeni."

Mskoti yule alibaki na mkoba mkononi. Alikuwa na kila sababu ya kumkaripia, na ilionekana alikuwa amejiandaa. Badala yake alichukua kileja kimoja, akakishika tu bila kukila. Mlangoni alimwambia Maisara kwamba roketi hairuki, na kwamba kuhusu miguu, yeye na Narendra wataarifiwa. Sauti yake haikuwa na ahadi yoyote. Kisha akaongeza, "Asante kwa kusema," akaingia kwenye teksi.

Jioni Narendra hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimshika mzee mkono kwa mikono miwili. "Mzee Maulid, pumzika nyumbani kwanza. Nitakupigia." Wote watatu walijua kwamba hatapiga.

Ndani ya gari Maisara alikaa nyuma ya usukani bila kuwasha. Mvua ilianza. Baba yake alifunga mkanda, akaipakata sahani ya maua.

"Umesema vizuri leo," alisema mzee. "Nilikuwa nakutazama. Bwana Narendra kimya, wewe unasema, na yule mama anakusikiliza wewe. Hukubabaika hata kidogo. Laiti mama yako angekuona."

"Baba!" Maisara alipiga usukani kwa kiganja, machozi yamekwisha kumtoka. "Baba, nimekufukuzisha kazi!"

"Najua, mwanangu," alisema Mzee Maulid. "Twende basi. Leo Villa wanacheza nyumbani, tutakwama kwenye foleni."