Mfunga Mvua Mwenye Mwavuli

Mume wangu Sylvester anafunga mvua. Msiniulize kwa kamba gani. Nimelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa na meno yote, na kitanda hicho tunakihamisha kila masika kwa sababu bati la juu yake linavuja. Lakini hapa kijijini kwetu, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka stesheni ya Bukene, watu wanaamini. Babu yake alikuwa mfunga mvua, na babu alipokufa sifa ikakosa pa kwenda, ikamwangukia yeye.

Jumapili anaimba besi kwenye kwaya. Siku nyingine, akiitwa kwenye sherehe, anatoa kipande cha kaniki alichoachiwa na babu, anakipiga fundo, ananong'ona maneno ambayo nina hakika anayatunga papo hapo, kisha anakificha chini ya mtungi. Sherehe ikiisha anafungua fundo, mvua inapata uhuru wake. Isiponyesha, yeye kaifunga. Ikinyesha, wenye sherehe wamechelewa kumwita. Nionyesheni kazi nyingine nzuri kama hiyo.

Balaa lilianzia Ipuli, Tabora mjini. Bi Thuraya, ambaye mumewe hununua mpunga wetu, alikuwa anamwoza binti yake Wafaa mwezi wa Novemba. Mwaka uliopita jirani yake alimwoza bintiye mwezi huo huo, mvua ikashuka mchana kweupe, pilau likaelea. Bi Thuraya ni mtu wa sala tano, lakini pia ni mtu wa biashara. Akampigia simu Sylvester na kumwambia, "Mzee wangu, Mungu nimeshamwomba na turubai nimekodi. Na wewe njoo."

Akapanda treni, akaenda. Wingu halikuonekana, Wafaa akaolewa, watu wakala mpaka wakafungua mishipi. Bi Thuraya kwa furaha akampa mume wangu kanzu mpya, halua, na mwavuli mkubwa mweusi wenye mpini wa mbao. Na Sylvester, kwa utamu wa halua, akasahau kufungua fundo. Aliporudi alisimama pale stesheni ya Bukene, akatoa kaniki mfukoni, akawaonyesha watu fundo likiwa limekaza. "Tazameni," akasema. "Nimeifunga mpaka imelia."

Mdomo huponza kichwa. Novemba ikaisha kavu. Desemba ikaja na upepo na vumbi. Waliopanda mahindi mapema waliyaona yakichomoza, yakigeuka njano, yakifa. Wakatoliki tukafanya novena. Wamoraviani wakafanya mkesha. Waislamu wakatoka uwanjani kuswali sala ya kuomba mvua. Kila upande ulisubiri kimyakimya kuona mvua itaitika dua ya nani. Haikuitika ya yeyote, na hilo lilituletea umoja kidogo.

Krismasi ilipopita, mwenyekiti wa kijiji, Nestory, akaitisha mkutano wa hadhara mbele ya ghala la zamani la pamba. Mgeni alikuwa Recheli, bibi shamba wetu mpya, msichana mpole aliyekuja na pikipiki na karatasi kubwa yenye michoro.

"Ndugu zangu," akasema, "mvua zetu zimebadilika. Zinachelewa kuanza, zinawahi kukatika, na katikati zinasimama wakati mahindi yanachanua. Utabiri unaonyesha mpaka Januari iishe hakuna mvua ya maana. Msisubiri. Andaeni mashamba mpande mtama na uwele, vinavumilia."

"Mtama tuliwaachia ndege!" mtu akapaza sauti.

"Basi mwaka huu tutagombana na ndege," Recheli akajibu.

Alitaka tujadili tupande nini. Sisi tulitaka kujua nani kosa lake. Mmoja akasema ni minara ya simu. Mwingine akasema ni vimini, ingawa kijijini kwetu kimini cha mwisho kilionekana kwenye kalenda. Mwalimu mstaafu akasema ni viwanda vya nchi tajiri na moshi wao, na Recheli akaitikia kwa kichwa, lakini Ulaya ni mbali, huwezi kwenda kuwapiga faini. Kisha mama mmoja akasema tusisahau misitu, kwani kuna watu wanaimaliza kwa mkaa.

Hapo Mathias akaruka. Mathias ndiye mchoma mkaa wetu, na ushahidi ulikuwa bado usoni mwake. "Mnahangaika na viwanda vya Ulaya," akafoka, "wakati aliyeifunga mvua amekaa pale chini ya mwavuli!"

Wote wakageuka. Jua lilikuwa kali, na mume wangu alikuwa ameufungua ule mwavuli wa Bi Thuraya. Nilimsihi asubuhi auache nyumbani. Kijiji kizima kinalilia mvua, mtu mmoja ana mwavuli.

"Namba ya huyo mama wa Tabora tunayo," Mathias akaendelea. "Sylvester mwenyewe anaigawa, eti akaulizwe sifa zake."

Mwenyekiti akapiga simu, akaweka sauti ya juu. Bi Thuraya akapokea kwa bashasha. "Mzee Sylvester? Loo, mtu mzuri huyo! Aliifunga barabara, wallahi, hata tone halikudondoka. Mwambieni kuwa mdogo wake Wafaa naye anaolewa, aje tena!"

Uwanja ukalipuka. Nestory akakata simu na kuinua mkono. "Mzee Sylvester, umesikia. Una la kusema?"

Sylvester akasimama, akaukunja mwavuli taratibu kama waziri. Nikajua atakana. Sikumjua mume wangu vizuri.

"Ni kweli fundo lipo," akasema kwa sauti ileile ya besi. "Na linafunguka. Lakini halifunguliwi kienyeji. Kuna masharti. Kwanza nitahitaji mbuzi mweusi..."

Watu wakapiga makofi. Hata waliokuwa wanamlaani sasa walikuwa wanatabasamu, kwa maana dawa imepatikana. Vijana wa sungusungu wakanong'ona na mwenyekiti, kisha Nestory akatangaza: "Mbuzi atapatikana. Utafungua leo. Na mvua isiponyesha kufikia mnada ujao, tutajua umetudhihaki, na nyumba yako itatengwa."

Kutengwa kwetu si mchezo. Hakuna wa kukusalimu. Kisimani wanawake wanaondoa ndoo zao ukitokea. Dukani hawakuuzii hata chumvi, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Mama mkwe wangu yuko ndani, hajainuka kitandani tangu mavuno. Nikatuona mimi na Sylvester tukimbeba wawili tu, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Niliogopa. Bibi shamba alikuwa ametoka kusema kwa kinywa chake kwamba mvua haipo mpaka Januari iishe. Mnada ulikuwa wiki ijayo. Na mume wangu alikuwa anachagua rangi ya mbuzi!

Hasira ikanishika hapo, ikaushinda woga. Mwanamume akiwa mchawi anaogopwa, akiwa mwongo anachekwa, na Sylvester alikuwa tayari tuzikane wenyewe kuliko achekwe.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba nafasi," nikasema.

"Mayu Tekla, mama yangu, ngoja mzee amalize."

"Akimaliza yeye, tumekwisha sisi." Nikasogea mbele. "Huyu mnayesema kafunga mvua ya wilaya nzima hawezi kuziba tundu lililo juu ya kitanda chake. Masika tunalala na sufuria katikati yetu. Siku ya harusi yetu aliifunga mvua, akaniapia. Nilifika kanisani viatu mkononi, gauni limelowa hadi kiunoni, padre akaniuliza kama nimetokea mtoni."

Mtu akacheka nyuma.

"Siku ya kumzika babu yake, huyo huyo fundi mkuu, aliifunga pia. Kaburi likajaa maji, tukayakomba kwa ndoo. Mathias, wewe ulikuwepo. Ulikomba au hukukomba?"

Mathias akajikuna kichwa. "Nilikomba," akasema. "Na jeneza likataka kuelea."

Kicheko kikaenea uwanja mzima. Nikauchukua mwavuli mkononi mwa mume wangu, nikauinua juu watu wote wauone. "Sasa niambieni, ndugu zangu. Mfunga mvua anahitaji mwavuli wa nini?"

Hapo hata mwenyekiti alishindwa kujizuia. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Recheli alificha uso nyuma ya michoro yake. Nami nilifurahi, siwezi kusema uongo, nilifurahi kama mtu aliyetoa chui bandani. Nikamgeukia mume wangu. "Baba Julieth, waambie basi."

Sylvester alikuwa ameinamisha kichwa. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Anasema kweli," akasema. Besi ilikuwa imemtoka yote. "Sijui kufunga kitu. Babu alikufa hajaniambia hata neno moja. Nilimwomba anifundishe, akasema kesho."

Hilo sikuwa nikilijua. Miaka yote nimemcheka na hilo sikuwa nikilijua.

Mwenyekiti akakohoa, akasema basi, mzee amekiri, mtu hatengwi kwa uongo, la sivyo kijiji kingebaki na mbuzi tu. Watu wakaitikia. Tulikuwa tumepona. Nilikuwa naanza kuvuta pumzi pale aliposimama Apolinaria, jirani yetu, mjane aliyepanda mahindi mara mbili na kuyapoteza mara mbili. Hakuwa amecheka.

"Kwa hiyo hakuna aliyeifunga," akasema.

"Hakuna, mama," Recheli akamjibu kwa upole.

"Basi tutamwambia nani aifungue?"

Recheli akakunjua karatasi yake, akaanza tena habari za mtama, na safari hii watu walimsikiliza, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kusikiliza. Waliuliza mbegu inapatikana wapi. Waliuliza ndege wanafukuzwaje. Hawakubishana tena. Nilipowaona wakiondoka vikundi vikundi bila kelele, niliona aibu. Walikuja na mtu wa kumkasirikia na fundo la kufungua, nami nimewarudisha nyumbani na mbingu tupu. Afadhali wangenipigia kelele.

Sylvester hakunisemesha jioni ile wala siku iliyofuata. Alikula, akamgeuza mama yake kitandani, akatoka. Mwavuli aliuning'iniza kwenye msumari ukutani na kuuacha hapo.

Asubuhi ya tatu nilitoka kumtafuta tukalime shamba la mtama kama bibi shamba alivyotuelekeza. Nilimkuta nyuma ya ghala letu la nafaka, amechuchumaa, amenipa mgongo. Nilipomkaribia alificha mikono.

"Unafanya nini?"

"Sifanyi kitu."

"Baba Julieth."

Akafungua viganja. Ilikuwa ile kaniki. Fundo lilikuwa limekaza kuliko kawaida, maana alilivuta zaidi ili kuwaonyesha watu wa stesheni, na kucha za mume wangu zilikuwa zimevunjika na kuanza kutoa damu.

"Najua si kitu," akasema, haniangalii. "Najua. Lakini Apolinaria..."

Ningeweza kumcheka. Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga, na mazuri. Badala yake nikachuchumaa karibu yake. "Lete hapa," nikasema.

Nikalitia fundo mdomoni. Lilikuwa na ladha ya jasho na halua. Nikaling'ata, nikalivuta, nikaling'ata tena kwa meno machache niliyobakiwa nayo, mpaka likalegea. Nikampa amalizie mwenyewe, akalifungua, akakinyoosha kitambaa juu ya goti lake.

Tukaangalia juu wote wawili kama wapumbavu. Hapakuwa na hata wingu. Tukachukua majembe.