Nota za Msiba wa Adela

Msiba ukitokea, majirani hubeba unga, kuni na ndoo za maji. Gaudensi, mwalimu wa kwaya mstaafu, alibeba nota. Hakujua njia nyingine ya kumpa mtu pole. Rafiki akipatwa na balaa, alijifungia sebuleni kwake Sumbawanga mjini akatunga muziki wa watu wanne: yeye kinanda, Kalista filimbi, Leonsi gitaa, Vitus fidla. Na mwenye balaa ndiye aliyepewa sehemu ngumu kuliko zote, ahangaike na vidole asipate nafasi ya kulia.

Dawa ilikuwa chungu lakini ilifanya kazi. Duka la Kalista lilipoungua, alipigishwa nota za mbiombio mpaka akaishia kucheka. Ng'ombe wa Leonsi walipokufa, naye alitolewa jasho.

Sasa alikuwa amefariki Adela, mke wa Vitus, na Vitus alitangaza kwamba ataipeleka fidla mpakani Kasesya akaiuze. Gaudensi alishtuka. Bila muziki, Vitus angejifungia shambani kwake Kasense na mahindi yake asionekane tena, na Gaudensi alimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Akatunga wiki mbili mfululizo. Kurasa sita, fidla inakimbia kama ina deni. Kisha akamwomba Vitus aje mara moja tu, Jumapili baada ya misa.

Vitus akaja. Mstari wa pili tu, akaachwa nyuma. Wakaanza upya, akaachwa tena. Kila nota fupi yeye aliivuta, na wenzake wakawa wameshafika mbali. Mara ya tatu alishusha upinde akafungua kasha la fidla.

"Nisamehe, Gaudensi. Siwezi."

"Unaweza bwana! Hesabu tu, moja na mbili..."

"Siyo hesabu. Huyu unayemkimbiza humu mimi simjui. Adela akitoka sokoni alisalimia kila nyumba, maji ya ugali yakachemka mpaka yakakauka. Nimemngoja miaka thelathini na moja."

Gaudensi, ambaye kwa kosa la nusu sauti tu aliwahi kuisimamisha kwaya nzima katikati ya misa, aliona aibu. Haraka ile haikuwa dawa ya Vitus. Ni yeye aliyeogopa kumwona rafiki yake akilia.

Alichukua penseli na ufutio. Sehemu ya fidla hakuigusa. Alifuta yake, akaomba ya Kalista na ya Leonsi, akazifuta nazo, na kwenye kila mstari akaandika nota chache ndefu na maneno: subiri fidla.

"Tumekosea sisi," alisema. "Piga unavyoweza. Tutakufuata."

Vitus alifunga kasha, akairudisha fidla begani. Kisha alikaa, akapiga, akilia waziwazi, na hakuna aliyemharakisha. Muziki wa dakika tano ulikula karibu nusu saa.

Walipomaliza, alipangusa fidla kwa kiganja.

"Turudie," alisema. "Na Leonsi apunguze haraka."