Mgonjwa Asiye na Lugha

Tangu chuo kilete ile miwani ya uhalisia pepe, hakuna aliyesinzia tena katika darasa la uuguzi la Profesa Hadley. Ukiivaa unajikuta ndani ya moyo, damu inakupita kwa kishindo. Inès aliipenda kuliko wote. Yeye ni Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, na sasa anakaa ughaibuni, mtaa wa Sharpstown, na mama yake, Apolonia, anayetandika vitanda hotelini.

Alhamisi moja ya Oktoba 2019 wakapewa mgonjwa. Ndani ya miwani kulikuwa na mwanamke kalala, kitenge kichwani, mkimbizi kutoka Afrika, akishika tumbo na kulalamika. Inès akatega sikio. Si Kirundi, si Kiswahili, si Kifaransa. Yalikuwa makelele tu ya mtu aliyeambiwa aige Kiafrika. Maandishi yakatokea: "Mgonjwa hawezi kujieleza. Chagua: rudia polepole, tumia picha, au muulize mtoto wake." Huko nyuma ya darasa wanafunzi wawili wakaangua kicheko.

Inès akavua miwani. "Profesa, huyu mama anaongea lugha gani?"

"Lugha si hoja, Inès. Ni zoezi tu. Chagua jibu."

"Jibu ni kumwita mkalimani, na halimo."

"Usipochagua, mashine itakupa sifuri."

Yasinta, Mtanzania aliyekaa karibu naye, akamvuta mkono. "Shosti, bonyeza lolote yaishe."

"Sibonyezi."

Akapata sifuri.

Alhamisi iliyofuata akaingia darasani na mama yake, aliyekuwa bado kavaa sare ya hoteli. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Akamkalisha mbele ya wote.

"Mgonjwa huyu hapa," akasema. "Anaumwa kweli. Muulizeni, mimi nitafasiri."

Profesa akasogea pembeni. Mmoja wa wale waliocheka akauliza, kwa aibu, anaumwa wapi.

Apolonia akampandisha na kumshusha kwa macho. "Mwambie ni mgongo, hapa kushoto. Unachoma kama pasi, unashuka mpaka kisigino, na nikikohoa ndiyo balaa. Ulinianza Jumatatu ya Pasaka nikigeuza godoro. Vidonge vyeupe havisaidii, vya njano vinanipa kizunguzungu. Ameelewa, au nirudie polepole?"

Inès alipomaliza kufasiri, darasa zima lilikuwa linaandika. "Hiyo si misuli," Yasinta akasema. "Ni neva."

Kipindi kilipoisha, Profesa akawafuata mlangoni. Sifuri ilishaingia kwenye mfumo, alisema, haitoki. Ila yule mgonjwa wa kwenye miwani angemfuta. Je, Inès angekubali mama yake arekodiwe badala yake?

"Sifuri iache," Inès akajibu. "Na hilo usiniulize mimi. Mwenyewe amesimama hapa."

Profesa akamgeukia Apolonia, akauliza upya. Apolonia akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie kwanza anitafutie daktari wa kuutazama huu mgongo," akasema. "Mengine tutaongea."

Inès akamfasiria neno kwa neno, bila kulilainisha hata moja.