Mkono Nje ya Dirisha

Kijiweni walimwita Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Abiria wenye haraka walimruka wakapanda pikipiki ya mwenzake. Waliomngoja ni wajawazito, na watu waliobeba trei za mayai. Kwa miaka sita hakuwahi kumkwaruza mtu. Ndiyo maana Jumanne ile, alipomgonga mwanamke mbele ya boza la maji, wenzake waliofika walimtazama yeye kwanza, si aliyelala chini, kama watu walioambiwa kwamba mkunga ameangusha mtoto.

Askari alipomuuliza pale pale barabarani, jibu lilimtoka lenyewe.

"Alijitokeza ghafla."

Hakuwa amelitunga. Mwenyekiti wa kijiwe alimfundisha kila mgeni siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha pa kuegesha: ukigonga mtu, neno la kwanza kutoka mdomoni liwe ghafla. Mengine yatajipanga.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na Taratibu alikuwa ameketi mbele ya meza ya sajini wa trafiki. Sajini alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi ya karatasi upande mmoja. Mbele yake palikuwa na mchoro wa ajali: mstatili mrefu, hilo ndilo boza, mshale unaopita kulia kwake, hiyo ndiyo pikipiki, na mahali ncha ya mshale ilipoishia, alama ndogo ya mkasi, huyo ndiye mwanamke. Taratibu alijitahidi kutoitazama alama hiyo.

"Nina mafaili thelathini na moja kwenye kabati hili," sajini alisema. "Yote yana ghafla. Naanza kudhani watu wa mji huu wanaota kwenye lami kama uyoga."

Taratibu hakucheka. Sajini naye hakuwa anachekesha.

"Majeruhi anasema boza lilisimama, dereva akatoa mkono dirishani akampungia avuke. Katika maelezo yako wewe hakuna mkono. Uliuona au hukuuona?"

Swali hilo Taratibu alikuwa akilala nalo tangu Jumatano, alipokwenda wodini kutoa pole. Mwanamke yule alikuwa msusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili, na vidole vilivyochungulia kwenye bandeji vilikuwa vimevimba, vinang'aa. Alikwenda akiwa amejiandaa kutukanwa. Msusi hakumtukana. Alimwambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo kwa wengi, "Kaka, mimi sikukurupuka. Nilipungiwa mkono." Taratibu alifungua mdomo aseme, hata mimi. Akaufunga.

Kabla ya pikipiki alikuwa utingo wa malori ya safari ndefu kwa miaka kumi na miwili. Huko barabara kuu, lori lililo mbele yako linaziba kila kitu, na anayeona mbele ni dereva wake peke yake. Njia ikiwa nyeupe, hutoa mkono dirishani na kuupunga: pita. Jumanne, katika foleni iliyokuwa haisogei, Taratibu alikuwa anachomekea kama wote wanavyochomekea, kati ya magari yaliyosimama na mstari wa katikati, kwa mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli. Alipofika nyuma ya boza alisita. Kisha mkono ukatoka dirishani ukapunga. Akaongeza mafuta.

"Niliuona, afande."

Sajini aliinua macho.

"Nilidhani ni wangu."

Sajini alivua miwani, akasugua macho, akaivaa tena.

"Sikiliza vizuri, sitaki baadaye useme hukuelezwa. Kama alijitokeza ghafla, kosa ni lake. Wewe unachukua leseni na pikipiki yako leo hii, na yeye bima haitamgusa, wakati madaktari wanasema ule mkono lazima upasuliwe mara ya pili au vidole havitakunjika. Kama alipitishwa, na wewe ukalipita gari lililosimama bila kujua limesimama kwa nini, kosa ni lako. Leseni inalala hapa mwaka mzima. Sasa hivi faili lina neno lake na ghafla yako tu; hili la sasa sijaliandika. Askari wangu wote wako kwenye ajali za leo. Nitafutie huyo dereva. Saa tisa faili linapanda kwa mkuu, likiwa na mkono au bila mkono."

Pikipiki ilikuwa imefungwa uani kwa mnyororo, hivyo alikwenda kwa miguu.

Maboza ya mji ule yalijaza maji mahali pamoja, nyuma ya matangi makubwa ya saruji, na yalipanga mstari tangu alfajiri. Taratibu alipita akisoma ubavu wa kila moja mpaka akaliona lile la Jumanne, la bluu lenye bampa lililopinda. Dereva wake, mzee mfupi aliyeitwa Babu Pampu, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, miguu juu ya ndoo iliyofunikwa ili matope yasimfikie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimtazama kwa muda. "Pikipiki iko wapi?"

Kwa swali hilo Taratibu akajua kwamba hakukuwa na haja ya kujitambulisha.

"Polisi."

"Eeh." Babu Pampu alijisogeza kidogo kwenye ngazi ili mwenzake apate pa kukaa. "Sikukimbia. Foleni ilisogea, na walio nyuma wakanipigia honi kama nimebeba bibi harusi. Nikatazama kwenye kioo, nikaona watu wamemzunguka. Nikasema, wapo watu. Siku tatu sasa najiambia hivyo hivyo, wapo watu."

"Ule mkono ulikuwa wa nani?"

"Wa yule mama. Alisimama ukingoni muda mrefu, anaingiza mguu anautoa, anauingiza anautoa. Nikamwonea huruma."

"Si ungempungia kwenye kioo cha mbele?"

"Kioo gani? Hebu zunguka ukitazame. Kina ufa toka huku mpaka kule, na tope la wiki nzima. Humu ndani mimi ni kivuli. Halafu mkono wangu umezoea nje. Miaka kumi na tisa ya njia ndefu."

"Mimi kumi na miwili. Utingo."

Babu Pampu aligeuka akamtazama upya, kuanzia viatu.

"Basi unajua."

"Najua."

"Ulipiga honi?"

Hilo ndilo lililokuwa likimwamsha Taratibu usiku, na hakuwa amemwambia mtu, wala mke wake, kwa sababu hakuna ambaye angelielewa. Katika njia ndefu hupiti kwa mkono wa kwanza. Mkono wa kwanza unaweza kuwa wa mtu yeyote: dereva anasalimia anayekuja, anakung'uta majivu ya sigara, anafukuza nzi. Ukiuona unapiga honi moja fupi, maana yake, ni mimi? Akipunga mara ya pili, ndio wako. Miaka kumi na miwili alikuwa akiketi kushoto kwa dereva wake na kumkumbusha: honi kwanza. Mjini honi zimejaa kila mahali hazina maana yoyote, na mazoea hayo yalimtoka bila yeye kujua siku yalipomtoka.

"Sikupiga."

"Ningeisikia ningetoa kiganja, ngoja kwanza," Babu Pampu alisema. Hakusema kwa kumlaumu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu ambacho wote wawili hawakinunui tena.

Mstari ukasogea. Babu Pampu akapanda, akalisogeza boza urefu wa gari moja, akazima, akashuka akaketi pale pale.

"Sasa nisikilize, mdogo wangu. Nikienda pale nikisema sikumpungia mtu, nani atabisha? Yeye mmoja, sisi wawili. Wewe unapata pikipiki yako, mimi napata usingizi."

"Utaupata?"

"Nini?"

"Huo usingizi."

Babu Pampu alikuna kidevu. Mbele yao mpira mnene kama paja ulichomolewa kwenye boza lingine, maji yakamwagika, na mtu akatukana bila nguvu.

"Boza si langu," alisema. "Mwenyewe akisikia nimeandikwa polisi atampa mwingine funguo kabla sijafika nyumbani. Lakini na yule mama..." Hakumaliza. "Mimi nimechoka kuamua. Twende. Ukisema ghafla, nami nitasema ghafla. Ukisema mkono, nami nitasema mkono. Mdomo wako ndio utakaotangulia."

Aliliacha boza mikononi mwa jirani yake katika mstari, akamwambia akirudi asikute dizeli imenyonywa. Njia nzima Taratibu alijaribu maneno yale mawili kichwani, na kila aliposhika moja, lingine lilionekana rahisi zaidi.

Kwenye benchi la kituo alikuwapo dada mkubwa wa msusi, na bahasha kubwa ya picha za mifupa mapajani. Taratibu alimfahamu kutoka wodini. Akabaki amesimama.

"Kaa," yule dada alisema. "Benchi ni refu."

Akakaa. Babu Pampu akakaa upande wa pili, akaivua kofia.

"Anaendeleaje?" Taratibu aliuliza.

"Yupo. Kitanda cha jirani yake kuna binti, nywele zimemtimka. Muuguzi mmoja akajitolea kumsuka, basi mdogo wangu anamwelekeza kwa mdomo tangu asubuhi. Gawa hapo. Kaza. Siyo hivyo, umemvuta. Muuguzi kachoka, yeye bado." Akaigeuza bahasha. "Nimeambiwa nije nichukue ripoti. Sijui mmesema nini humo."

Saa nane na nusu sajini aliwaita wote watatu, kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja na mlango haukufungika. Akafungua faili. Akamgeukia Babu Pampu.

"Mzee, Jumanne ulitoa mkono dirishani?"

Babu Pampu alimtazama Taratibu. Sajini aliona, akamtazama Taratibu pia. Yule dada wa msusi alikuwa anatazama sakafu.

"Alitoa," Taratibu alisema. "Alimpungia yule msusi avuke. Mimi nilikuwa nyuma ya boza, nikauchukua."

"Ukauchukua vipi?"

"Ulikuwa wa mtu mwingine, mimi nikautumia. Nilipaswa kupiga honi kuuliza. Sikuuliza. Yeye alikuwa ameshapewa njia."

Sajini aliandika, na kuandika kwake kulikuwa kwa polepole, herufi moja moja. Alipomaliza aligeuza ukurasa wa Jumanne.

"Na hii ghafla?"

"Ifute."

"Maelezo hayafutwi. Unapiga mstari mmoja katikati, neno libaki linasomeka, halafu unatia sahihi pembeni." Akamsogezea kalamu na rula. "Pale. Usiguse neno la jirani."

Taratibu alipiga mstari. Akatia sahihi. Sajini akatoa leseni yake kwenye faili, akaitia katika bahasha ndogo ya kaki, akaandika tarehe ya siku ile na tarehe ya mwaka ujao, akaifungia kwenye droo.

Yule dada alipewa nakala yenye mhuri. Aliisoma amesimama, midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho aliikunja, akaitia pamoja na picha za mifupa. Pale mlangoni alimgeukia Taratibu, akasema tu, "Haya," akaenda zake.

"Umetumaliza wote wawili," Babu Pampu alisema, bila hasira.

"Ndiyo, mzee."

"Mwaka mzima utafanya nini?" sajini aliuliza. Halikuwa swali la faili.

"Sijui, afande. Nilikuwa nafikiri nimwombe mzee. Labda kwenye boza wanahitaji mtu wa kushika mpira."

"Wanahitaji," Babu Pampu alisema. "Lakini ngoja kwanza nijue kama mimi mwenyewe nina boza."

Sajini alichukua karatasi safi, akainyoosha kwa kiganja, akaandika tarehe juu. Babu Pampu akavuta kiti, akaketi, akaiweka kofia yake juu ya goti na kuanza kutaja jina lake kamili, la kwanza, la baba, la babu, polepole, ili aandikiwe vizuri.